Foto ya Studio: Nguo za Wazee Zinavyotuhadithia Kolwezi

Katika nyumba nyingi za Kolwezi kuna foto moja ya zamani, nyeusi na nyeupe. Baba amesimama na koti, mama amekaa na kikwembe chake cha sikukuu, mtoto amevaa viatu vilivyong'arishwa. Foto hiyo ilihitaji fundi.

Kabla ya simu, kupiga foto kulikuwa na gharama. Rola moja ya filamu namba 120 ilitoa picha 12 tu za mraba, kwa hiyo mpiga picha hakubonyeza ovyo. Alitundika pazia nyuma, akamgeuza mtu kidogo ili mwanga uangukie upande mmoja wa uso, akanyoosha ukosi, ndipo akasema: usitikisike. Kisha aliingia chumba cha giza chenye taa nyekundu, maana mwanga huo hauharibu karatasi ya foto nyeusi na nyeupe. Karatasi ilipita katika dawa ya kutokeza sura, halafu dawa ya kuikaza, mwisho ikaoshwa kwa maji mengi. Isipooshwa vizuri, baada ya miaka inageuka manjano.

Mmoja wa mafundi wa Kongo wanaojulikana sana ni Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Huko Kinshasa, wakati ule Léopoldville, alitengeneza pia baiskeli na saa. Franco, mwanamuziki wa rumba, alimfanya mpiga picha wake. Usiku Depara alizunguka katika baa, akipiga vijana wa suti na mabinti wa mtindo.

Nguo hizo zinataja miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, wanaume wakavaa abakosti. Katazo liliondolewa mwaka 1990. Basi mzee mwenye abakosti mbele ya nyumba ya kampani alipigwa foto wakati wa Gécamines. Union Minière ilikuwa imekwisha kutaifishwa mwaka 1967.

Familia nyingi ziliondoka hapa bila kufunga mizigo: wakati wa vita ya 1978, na wakati Wakasai walipofukuzwa mwaka 1992 na 1993. Kasulo nako, tangu kobalti ilipoonekana chini ya nyumba mwaka 2014, mtaa umechimbwa na watu wamehamishwa. Sufuria inanunuliwa tena. Foto ambayo filamu yake imepotea haipigwi tena.

Mwenye foto aandike nyuma yake polepole, kwa penseli laini: majina, mtaa, mwaka. Aiweke katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Aipige kwa simu kivulini, awatumie ndugu walio mbali. Huenda kule yuko mjukuu ambaye hajapata kuona uso wa babu yake.