Kompyuta za Hazina, Rada na Kipimo cha Milimita

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta 7. Mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia.

Vijana wakisikia habari hii hucheka, wakidhani wazee waliogopa mambo mapya. Sivyo. Hazina ilikuwa imeumia. Ilinunua mitambo kwa fedha nyingi za kigeni ili ibebe hesabu za Serikali, hesabu zikavurugika, na makarani wakarudishiwa daftari na kalamu. Wataalamu wengi wa mitambo ile walikuwa wageni, na aliyeijua vizuri kuliko wote ni yule aliyeiuza. Kwa miaka mingi baadaye, ofisi iliyotaka kompyuta ililazimika kuomba kibali maalumu. Mimi marufuku ile naiona kama kilio cha mnunuzi aliyegundua, akiwa amechelewa, kwamba hakijui alichokinunua.

Enzi za mkoloni kilio hicho hakikuwapo, kwa kuwa mnunuzi hakuwa sisi. Mahitaji ya Serikali ya Tanganyika yaliagizwa kupitia Crown Agents, wakala wa London aliyeanza kazi hiyo ya makoloni mwaka 1833. Baada ya Uhuru ikaja Bodi Kuu ya Zabuni. Sheria mahususi ya ununuzi wa umma ilisubiri hadi 2001.

Na ni mwaka huohuo wa 2001 ambapo Uingereza iliidhinisha Tanzania iuziwe rada ya kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inasamehewa madeni. Benki ya Dunia ililalamikia bei; Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliipinga biashara hiyo ndani ya baraza lake la mawaziri. Rada ikanunuliwa. Mwaka 2010, mbele ya mahakama ya London, ilielezwa kuwa zaidi ya dola milioni 12 zililipwa kwa kampuni za dalali, na vitabuni zikaandikwa kama malipo ya huduma za kiufundi. BAE ilikiri kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Fedha zile zilielekezwa kwenye vitabu vya kiada na madawati. Kila nikiikumbuka habari hii nauliza jambo lilelile: mezani, upande wa mnunuzi, nani aliijua rada?

Kwenye tenda ndogo swali hilo linaumiza vilevile. Sheria ya 2004 ilianzisha PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, na kila taasisi ikawa na bodi yake ya zabuni. Miaka michache baadaye nilimsindikiza mjomba wangu kwenye ufunguzi wa zabuni ya kompyuta na printa katika ofisi moja ya umma mkoani. Alikuwa na bahasha mbili nene, moja imeandikwa ASILI, nyingine NAKALA, zote zimepigwa lakiri. Saa nne kamili sanduku la mbao likafunguliwa, bei zikasomwa kwa sauti, sote tukasaini karatasi ya mahudhurio. Bei ya mjomba ndiyo ilikuwa ya chini. Hakupata.

Alikuwa amelihisi tangu nyumbani. Usiku, akijaza makabrasha, alinionyesha mstari mmoja kwenye sifa za printa: upana wake uwe milimita 362. Si 360, si "usizidi 400". Aliyeandika alinakili kipeperushi cha printa moja, neno kwa neno. "Tenda hii ina mwenyewe," akasema, kisha akaendelea kujaza. Huenda afisa ugavi yule hakuwa mwizi. Huenda hakuijua printa, akamwuliza aliyeijua, naye ni muuzaji.

Leo lile sanduku halipo. TANePS, mfumo wa zabuni kwa njia ya mtandao, ilianza kazi mwaka 2018. Julai 2023 ukaja NeST, mfumo uliojengwa na wataalamu wa Kitanzania, na kufikia Oktoba ukawa umechukua nafasi yake. Kwa nchi iliyowahi kupiga marufuku kompyuta, hilo ni jambo la kujivunia, nami najivunia. Mzabuni wa Kasulu hahitaji tena kupanda basi usiku na bahasha mapajani. Lakini sifa za kinachonunuliwa bado huandikwa na mtu.

Mjomba amezeeka, na biashara kamwachia binti yake. Tangazo jipya likitoka, binti humpa simu. Mzee huvaa miwani, huruka masharti yote, huenda moja kwa moja kwenye sifa, na kidole chake hushuka taratibu kikitafuta milimita.