Hisani Haina Hesabu: Urambo na Deni la Halmashauri kwa Watoto Wenye Ulemavu

Tunapozungumzia watoto wenye ulemavu, neno linalotangulia midomoni mwetu ni "msaada". Mheshimiwa amekabidhi viti mwendo, kampuni imetoa mafuta ya kujikinga na jua, asasi imejenga choo chenye mteremko, na picha zimepigwa. Sina ugomvi na mtoaji wala na mpokeaji. Ugomvi wangu ni na neno lenyewe. Msaada hudai shukrani, na penye shukrani swali huonekana kuwa utovu wa adabu. Shule iliyopewa viti mwendo vitatu haiwezi kuuliza kwa nini si kumi, wala nani atavitengeneza tairi zikipasuka.

Hoja ya makala haya ni kwamba sheria za Tanzania zilikwishaziondoa huduma za watoto hawa katika uwanja wa hisani na kuziweka katika uwanja wa deni, na mmoja wa wadaiwa anajulikana kwa jina: halmashauri. Jambo hilo lilifanyika zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kinachopungua ni mdai. Nimechagua kuitazama hoja hii kutoka Urambo, mkoani Tabora, kwa kuwa historia ya mahali hapo inafundisha somo moja bila kuficha: hesabu hutolewa kwa yule mwenye uwezo wa kuidai.

Njia iliyopima watu kwa mabega

Jina la Urambo linatokana na Mtemi Mirambo, aliyefariki Desemba 1884 baada ya kujenga dola iliyotawala sehemu kubwa ya njia ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, penye Tabora ya leo, ikaendelea hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Kati ya 1871 na 1875 Mirambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuamua nani ataishika njia na ushuru wake. Vita hiyo tunapenda kuisimulia, na tuna haki. Mara chache tunajiuliza njia yenyewe ilimpima vipi mwanadamu.

Ilimpima kwa bega. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani takriban kilo 30, kwa safari iliyochukua miezi. Pembe zilihesabiwa, doti za nguo zilihesabiwa, na hesabu zilirudi pwani kwa waliotoa mtaji, matajiri wa Zanzibar kama Taria Topan. Aliyevunjika mguu au kuzidiwa na ndui aliweza kuachwa kijijini ama kando ya njia, na mzigo wake ukagawanywa kwa wenzake. Upungufu uliomsumbua tajiri ulikuwa wa mzigo. Mtu aliyebaki nyuma alikuwa hesabu ya ukoo wake, ikiwa ukoo ungempata.

Ukoo ulibeba kweli, wala hatuna sababu ya kuudharau. Lakini tusiupambe. Ukoo uliomlisha mtoto asiyetembea ndio huohuo ulioweza kumficha ndani mgeni anapobisha hodi, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuuliza. Tumeona katika zama zetu, kwenye mauaji na ukataji viungo vya watu wenye ualbino ulioitikisa Kanda ya Ziwa na Tabora kuanzia miaka ya 2000, kwamba hatari inaweza kumkuta mtoto hata mikononi mwa waliopaswa kumlinda.

Wajerumani walileta reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaleta Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakamfanya mtemi kuwa mkusanyaji wa kodi mwenye hazina yake. Katika kodi ya kichwa, asiyejiweza kwa uzee au udhaifu wa mwili aliweza kusamehewa. Huo ulikuwa mmoja wa milango michache ambayo mtu mwenye ulemavu aliingilia katika kumbukumbu za serikali: aliandikwa kama mtu asiyedaiwa. Na katika dola inayojengwa juu ya kodi, asiyedaiwa hudhaniwa kuwa hana cha kudai.

Waliotangulia kufungua shule

Pengo hilo lilizibwa na makanisa. London Missionary Society ilifika Urambo mwaka 1879, na Wamoravian wakakirithi kituo hicho mwaka 1898. Huko Sikonge, kusini mwa Tabora, Wamoravian waliendesha hospitali na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilianzishwa na Kanisa la Anglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963. Waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima, kwa kuwa waliifanya wakati serikali haikuwa na hata sera ya jambo hilo.

Lakini kazi njema huacha pia mazoea. Tulizoea kuamini kwamba mtoto mwenye ulemavu ni wa shule maalumu, kwamba shule maalumu ni ya kanisa au ya mfadhili, na kwamba iko mbali. Kutoka Urambo hadi Tabora mjini ni kilometa zipatazo 90. Mzazi aliyepeleka mtoto huko alishukuru, na aliyekosa nafasi alimwachia Mungu. Hakuna aliyekwenda kwenye ofisi ya wilaya kuuliza, kwa sababu ofisi ya wilaya haikuwa imeahidi lolote.

Karanga zilizojibiwa London

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Urambo ilipata mradi mkubwa kuliko wowote iliowahi kuuona. Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula nchini mwake. Kazi ilianza mwaka 1947. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeanguka, na takriban pauni milioni 36 zilifutwa kama hasara.

Angalia ni nani aliyeulizwa na ni nani aliyeuliza. Waziri alisimama mbele ya Bunge la Uingereza akahojiwa, magazeti ya London yakamsulubu, vitabu vya hesabu vikafunguliwa. Uwajibikaji ulikuwepo, tena mkali. Ila haukuelekezwa Urambo, ambako msitu ulifyekwa na watu walibaki na ardhi iliyokanyagwa na mashine. Mlipakodi wa Uingereza alikuwa na mbunge. Mkazi wa Urambo hakuwa naye. Tumbaku ilipochukua nafasi ya karanga, mashamba yalibaki na somo likasahaulika.

Mwaka 1982

Uhuru ulileta serikali yetu wenyewe, lakini si mara moja halmashauri tunazozijua. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa madaraka mikoani, halmashauri zenyewe zilivunjwa na kazi zake zikahamishiwa kwa maofisa wa serikali kuu. Kwa hiyo kampeni kubwa ya elimu ya msingi kwa wote, iliyotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, iliendeshwa vijijini bila diwani wa kuulizwa ni mtoto gani aliyebaki nyumbani na kwa nini.

Kisha ukaja mwaka 1982, ambao wanafunzi wangu huukumbuka kwa sababu moja na kuusahau kwa nyingine. Wanakumbuka kwamba Bunge lilitunga sheria za serikali za mitaa, ikiwamo Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya, na halmashauri zikarejea kazini mwaka 1984. Wanasahau kwamba mwaka huohuo, baada ya Umoja wa Mataifa kuutenga mwaka 1981 kuwa wa watu wenye ulemavu, Bunge hilohilo lilitunga sheria mbili kuhusu watu hao: Na. 2 ya ajira na Na. 3 ya matunzo. Sheria ya matunzo iligawa jukumu kati ya familia, serikali kuu na mamlaka za serikali za mitaa. Halmashauri na deni lake vilizaliwa pamoja.

Sheria zilizofuata ziliongeza uzito. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inaitaka kila mamlaka ya serikali ya mtaa kulinda na kukuza ustawi wa mtoto katika eneo lake, na kuwa na daftari la watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi. Mwaka huohuo Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ilizifuta zile mbili za mwaka 1982 na kuleta kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa.

"Kadiri inavyowezekana"

Mtumishi wa halmashauri anayesoma hapa atanijibu mapema: Sheria ya Mtoto inasema msaada utolewe pale inapowezekana, na sisi hatuna fedha. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Wilaya ya tumbaku hutegemea ushuru wa zao linaloyumba kwa mvua na kwa bei ya kampuni za ununuzi, na mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Sehemu kubwa ya bajeti hutoka serikali kuu ikiwa imeshapangiwa kazi. Sidai kwamba Urambo ina hali mbaya kuliko wilaya nyingine.

Lakini "inapowezekana" ni sentensi ya hesabu. Anayesema haiwezekani ana wajibu wa kuonyesha alichokuwa nacho, alichokitumia na alichotanguliza. Mkataba tulioridhia unataka haki za kijamii zitekelezwe hatua kwa hatua, kwa kutumia rasilimali zilizopo kwa kiwango cha juu kabisa. Hatua kwa hatua maana yake mwaka huu uonekane tofauti na jana.

Tena si kila kitu ni ghali. Daftari ni kazi ya watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya wanaozijua kaya kwa majina. Bila daftari hakuna mpango, na takwimu za taifa hazizibi pengo hilo. Asilimia 7.8, inayonukuliwa sana kutoka utafiti wa ulemavu wa mwaka 2008, inahusu watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Mtoto wa miaka miwili mwenye utindio wa ubongo, ambaye mazoezi ya viungo ya mapema yangeweza kumsaidia kukaa na kushika kijiko, hayumo. Anayeweza kumwona ni halmashauri yake.

Lipo kosa jingine tunalolirudia. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukiuliza habari za watoto wenye ulemavu, mara nyingi utajibiwa kwa asilimia hizo 2. Ni jibu la swali lingine. Mkopo hupewa watu wazima wanaofanya biashara na hurejeshwa. Mtoto wa darasa la pili hakopi ili anunuliwe mashine ya nukta nundu.

Nani adai, na adai nini

Kwa nini basi twende halmashauri na si wizarani? Kwa sababu wizarani mtoto huyu amegawanywa. Masuala ya ulemavu yako Ofisi ya Waziri Mkuu, ustawi wa jamii una wizara yake, elimu maalumu ina yake, matibabu yana yake, na shule na zahanati zinasimamiwa na TAMISEMI. Mahali pa kwanza ambapo ofisa elimu, mganga mkuu na ofisa ustawi wa jamii hukaa chini ya mkurugenzi mmoja, wakatoa taarifa kwa madiwani wale wale, ni halmashauri. Hapo mtoto huwa mzima tena.

Mahakama ipo, lakini njia yake imekuwa nyembamba. Marekebisho ya mwaka 2020 yanamtaka anayeishtaki halmashauri atoe notisi ya siku 90 na amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na anayefungua shauri la haki za kikatiba aonyeshe kwamba yeye binafsi ameathirika. Mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa hatuwezi kumwambia aanzie huko.

Aanzie kwenye hati tatu. Ya kwanza ni daftari: watoto wenye ulemavu wa kijiji hiki ni wangapi, wana mahitaji gani, na liliboreshwa lini? Ya pili ni kasma: katika bajeti ya mwaka huu kiasi gani kimetengwa kwa vifaa, matibabu, usafiri na walimu wa watoto hawa, na kiasi gani kimetoka? Ya tatu ni muhtasari: kamati ya watu wenye ulemavu ya halmashauri imekutana mara ngapi, na baraza la madiwani liliamua nini juu ya taarifa yake? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi jibu ndani ya siku 30. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, unampa jukwaa bila wakili.

Wanaharakati wamekwisha kujifunza kufuatilia fedha za barabara na madawati kwa mbinu hizi. Kilichobaki ni kuzitumia kwa kundi ambalo haliwezi kuhudhuria mkutano, halipigi kura na mara nyingi halijaandikwa popote. Na ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa msilichukulie swali hilo kama shambulio. Ofisa ustawi anayeomba fedha akiwa na daftari lililojaa na wananchi wanaouliza ana nguvu kubwa zaidi mbele ya kamati ya fedha kuliko anayeomba peke yake.

Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, lakini mapendekezo hukusanywa vijijini miezi mingi kabla. Swali la daftari liulizwe wakati huo, katika mkutano wa kijiji, na aliyeuliza ahakikishe limeandikwa kwenye muhtasari pamoja na jibu lake.