Njia ya Mlimani, Novemba 1917

Rafiki yangu anayesoma Norway ameniandikia kwamba kwao kumeanza majira ya kuchipua. Theluji inayeyuka, njia ya mlimani ni matope matupu, na wapandaji wanaambiwa wasubiri. Akanitania: "Ninyi watu wa Kusini, milima yenu inapandika lini?"

Nilicheka, halafu nikakaa kimya. Mimi nyumbani ni Chinongwe, Ruangwa, upande wa kwenda Nachingwea. Kwetu kuna mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kuna kiangazi. Basi. Ukimwambia bibi yangu unasafiri kwa miguu, hakuulizi habari za viatu. Anauliza: "Maji utayakuta wapi?"

Swali hilo lina historia, ndugu msomaji.

Toka Chinongwe, pita Nachingwea, fika Masasi. Ukielekea Newala utakutana na mpando mkali wa nyanda za juu za Makonde. Newala iko zaidi ya meta 700 juu ya usawa wa bahari. Udongo wa huko ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama yote. Chemchemi ziko chini, kwenye miguu ya mteremko. Kwa vizazi vingi kina mama walishuka na kupanda wakiwa na maji kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyetembelea huko mwaka 1906, aliandika simulizi la Wamakonde kwamba wazee wao waliusiwa wasijenge mabondeni karibu na maji mengi, maana huko kuna maradhi. Yaani walichagua kiu wakiwa na akili zao timamu!

Sasa twende mwaka 1917. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, jirani na Nyangao. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alishinda siku ile, lakini risasi na kwinini vilikuwa vinamwishia. Akarudi nyuma hadi Chiwata, kisha akaelekea nyanda za Makonde. Katikati ya Novemba, huko Nambindinga, aliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi, akaendelea na wenye nguvu kupitia Newala. Tarehe 25 Novemba walivuka Ruvuma kwa miguu pale Ngomano, wakaingia Msumbiji: askari kama 1,700, Wazungu wasiozidi 300, na maelfu ya wapagazi.

Angalia hapo majira yalivyofanya kazi. Novemba ni mwisho wa kiangazi. Mto umepungua, unavukika. Lakini kiangazi hicho hicho kimekausha kila kitu kule juu. Wangesubiri mvua wapate maji ya kunywa, mto ungejaa. Njia ikifunguka chini, juu inakuwa ngumu. Jenerali alikuwa na ramani yake. Mpagazi alikuwa na mzigo kichwani, na swali la bibi yangu.

Na wapagazi hao ni nani? Nimetafuta majina yao vitabuni, nikakuta ya maofisa. Wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini, na pande zote mbili zilifanya hivyo. Waingereza nao walikuwa na jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, na wewe unayepanda daladala kila siku unalitaja bila kujua: Kariakoo! Ile sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, ina askari mmoja na bunduki yake. Mpagazi hasimami pale. Wenzetu wa Nairobi angalau wana sanamu tatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Nilimuuliza bibi kama kuna ndugu yetu aliyechukuliwa. Akasema yuko kaka wa baba yake aliyeondoka na mzigo wa Wazungu, hakurudi. Jina? Akafikiri sana. Amelisahau.

Nimemjibu rafiki yangu wa Norway kwamba mlima wetu unapandika mwaka mzima, ila ubebe maji yako. Na wewe msomaji, kama bado una bibi au babu, usisubiri. Muulize majina leo.