Dhahabu ya Ituri

Ukitoka Boga, katika mkoa wa Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukapita Bunia na kuendelea kaskazini, unafika Kilo. Huko, mwaka 1903, Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu katika mchanga wa mto Agola. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Utajiri wake ulitoka kwenye migongo ya wenyeji waliochukuliwa kazini kwa nguvu. Haki yao ni kukumbukwa.

Leo mchimbaji mdogo huzungusha mchanga na maji ndani ya karai. Mchanga humwagika; dhahabu, nzito mara 19 kuliko maji, hutulia chini. Chembe hunaswa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa. Mvuke wake huharibu ubongo na figo. Tafadhali, usiichomee jikoni wala karibu na watoto.