Mkuki wa babu na waya wa mtego

Juma hili napenda tuzungumze juu ya vitu vinavyodumu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na madukani tunayaona maneno hayo kila siku. Tunanunua tochi isiyomaliza mwezi, panga linalopinda kwenye mgomba wa kwanza, na viatu vinavyoachama kabla masika hayajaisha. Hata hivyo, hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, bado zipo nyumba ambamo mkuki wa babu umechomekwa juu ya dari, na chuma chake kingali kinachoma. Nauliza basi: kwa nini zana za mwindaji wa zamani zilidumu? Na je, kudumu peke yake ni sifa ya kutosha?

Tuanze na chuma chenyewe. Wanyakyusa walikuwa wakulima na wafugaji hodari, lakini sehemu kubwa ya chuma chao ilitoka kwa jirani. Wakinga, walioko mashariki katika milima ya Livingstone, ndio waliokuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki. Walishuka nayo bondeni na kurudi na chakula, kwa kuwa kwao milimani kuna baridi na kwetu kuna ndizi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika kwamba simulizi za hapa zilisema mababa wa watawala walitoka Ukinga, na kwamba wao ndio walioleta chuma na ng'ombe. Taifa halikiweki katika simulizi ya asili yake kitu cha kuchezea. Chuma kilikuwa adimu, na kitu adimu hutunzwa.

Ufundi wenyewe ulikuwa mkubwa. Tanuru la udongo lilijazwa mkaa na mawe ya chuma, kisha mivuba ikapuliza hewa kwa saa nyingi mpaka likapatikana donge la chuma lililochanganyika na taka. Donge hilo lilipigwa na kupigwa tena ili taka zitoke. Ufipa walijenga matanuru marefu kuliko kimo cha mtu, na kule Buhaya wataalamu walitangaza mwaka 1978 kwamba watu walikuwa wakiyeyusha chuma kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Chuma cha namna hiyo kilikuwa laini kidogo kuliko chuma cha kiwandani, lakini kilikuwa na sifa moja ambayo leo tumeisahau: kikipinda, kilinyooshwa, kikiliwa, kilirudishwa motoni kikafuliwa upya. Jembe lililochakaa liliweza kuwa kisu, na kisu kikawa ncha ya mshale.

Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza. Zana ya zamani ilidumu kwa sababu ilitengenezeka, wala si kwa sababu haikuharibika. Mpini ulivunjika mara nyingi, lakini msitu ulikuwa karibu na mwenye mkuki alijua mti gani haupasuki. Wilaya yetu ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kutu haina likizo. Wazee wakapaka chuma mafuta ya ng'ombe, na wakaweka zana juu ya moshi wa jikoni ambako unyevu haukai na dumila za wadudu hazijengwi. Wala mkuki haukungoja siku ya mawindo tu. Godfrey Wilson aliwaona wanaume wakicheza na mikuki yao katika maziko, kwa hiyo silaha ilitazamwa na jamaa wote mara kwa mara. Mwenye mkuki wenye kutu aliaibika mbele ya watu.

Ikaja bunduki. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindilia kwa mdomo na kuchukua zile za kufungulia nyuma, zile kuukuu zilitafutiwa soko. Zikapitia Zanzibar na kuingia bara pamoja na misafara. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yakatia saini mkataba wa kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika angeweza kuachiwa gobore, lakini si kitu cha kushindana nao.

Walidhani wameacha kikuukuu, kumbe wameacha kisichokufa. Gobore ni bomba, kitako na jogoo. Halina risasi maalumu itakayokosekana dukani. Hata Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917, aliwinda tembo katika miaka ya 1870 kwa bunduki nzito za kushindilia mdomoni. Mafundi wa vijijini wakajifunza kulitengeneza, kisha wakajifunza kuliunda kwa bomba la maji. Serikali zikaja na kupita, gobore likabaki. Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zenye vibali mwaka 1896. Waingereza wakatunga sheria yao mwaka 1921 na nyingine mwaka 1951. Serikali huru ikatunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori mwaka 1974, na iliyoifuata ni ya mwaka 2009. Katika zote hizo mwananchi wa kawaida aliambiwa jambo lile lile: nyama ya porini ina mwenyewe, na ukiitaka lete kibali.

Nisiwasahau wale wa miaka ya karibu zaidi. Wakati wa shida ya bidhaa, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, aliyekwenda porini alivaa katambuga zilizokatwa kwenye tairi la gari. Zilimcheka miiba, na soli ilimwona mwenyewe akizeeka. Panga na jembe vilitoka kiwanda cha UFI kule Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, na hapa jirani tulikuwa na ZZK ya Mbeya. Yapo majembe yao yanayolima mpaka leo, ingawa viwanda vyenyewe havikudumu kama majembe yake. Nchi iliyojua kufua chuma tangu kale imerudi kuagiza panga kutoka ng'ambo. Hilo nalo ni la kutufikirisha.

Lakini sasa nataka tugeuze shilingi tuone upande wa pili. Kama kudumu kungekuwa sifa peke yake, basi zana bora kuliko zote ingekuwa waya wa mtego. Zamani mtego ulifungwa kwa kamba ya magome ya mti au nyuzi za mimea. Kamba ile ilioza. Mwenye mtego akiugua, akisafiri au akisahau, mvua ya Rungwe ilimfungulia mnyama njia baada ya miezi michache. Waya wa breki ya baiskeli hauna huruma hiyo. Unakaa msituni msimu baada ya msimu, unakamata mnyama ambaye hakuna atakayemla, na haumchagui mwenye mimba wala mtoto. Mkuki ulimlazimu mwindaji amwone anayemuua. Waya unaua mwenyewe akiwa kilabuni.

Tunao ushahidi wa jirani kabisa. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa hapa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wengine walidhani ni hadithi. Baadaye alionekana katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na pia Ndundulu kule Udzungwa, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Je, mwajua wataalamu walimpata vipi kipunji wa kwanza wa kumpima maabara? Alikuwa amekufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi kando ya mlima huu. Vipimo vyake vikaonyesha mwaka 2006 kwamba ni jenasi mpya kabisa, ya kwanza kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba walikuwapo kiasi cha 1,100 tu duniani. Elimu ya wawindaji wetu ndiyo iliyomjulisha kwa ulimwengu, na mtego wetu ndio uliotoa maiti yake. Mambo hayo mawili yametoka katika mikono ile ile.

Simlaumu mkulima yule. Mahindi yake ndiyo ada ya mtoto wake, na kima hana adabu shambani. Ninachosema ni kwamba kila zana ina umri wake na ina kazi yake, na ni hatari zana inapoishi zaidi ya kazi iliyoizaa. Misitu aliyowinda babu ilikuwa mipana, na watu wake walikuwa wachache. Leo mashamba ya chai, viazi na ndizi yamefika kwenye mguu wa mlima, na msitu uliobaki ndio unaotupatia maji.

Nini la kufanya? Mkuki wa babu utunzwe, upakwe mafuta, na mjukuu aambiwe ulitoka kwa nani na ulifuliwa wapi. Huo ni urithi, na hausubiri jumba la makumbusho. Gobore lisilo na kibali ni jambo jingine; mwaka 2022 Serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na muda wa namna hiyo ukitolewa tena, mwenye nalo asingoje kukamatwa akiwa mzee wa kanisa. Na waya ung'olewe. Anayejua ulipo ni yule aliyeutega, wala hahitaji semina.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku hizi ningeongeza kwamba mkuki una mwenyewe anayejulikana kwa jina, na hiyo ndiyo sababu uliogopwa, ukatunzwa na ukarithiwa. Kitu kisicho na mwenyewe, hata kikidumu miaka mia, ni taka tu inayoua. Tukutane juma lijalo.