Slaga: Mpiga Mikwaju na Hesabu ya Vituo

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 2019, uwanja wa Busch mjini St. Louis ulilipuka kwa shangwe kwa ajili ya pigo lililoiumiza timu ya nyumbani, Cardinals. Albert Pujols, mwenye umri wa miaka 39 na jezi ya Los Angeles Angels mwilini, aliupiga mpira wa mrushaji Dakota Hudson katika awamu ya saba, nao ukapaa ukavuka uzio. Akazunguka vituo vyote, akarudi kwa wenzake, akaketi. Mashabiki wa Cardinals hawakuketi. Walishangilia mpaka akalazimika kutoka tena kuwapungia.

Cardinals walishinda mechi ile, kama walivyoshinda ya siku iliyotangulia, lakini habari iliyosambaa ilikuwa ya Pujols. Magazeti ya Marekani yalimtaja kwa neno ambalo besiboli imelitumia kwa zaidi ya miaka mia: slaga. Slaga mkongwe amerudi kukabiliana na waliokuwa wenzake. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuisimulia habari hiyo hukwama papo hapo. Aandike mpigaji hodari? Mpigaji mwenye nguvu? Bingwa wa kupiga? Yote hayo yanasomeka vizuri, na yote yanakosa shabaha.

Ili kuona yanakosa wapi, yafaa kumjua mtu mwenyewe kwanza.

Pujols alizaliwa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, mwaka 1980, akahamia Marekani akiwa kijana na kusoma katika jimbo la Missouri, jimbo lilelile la Cardinals. Mwaka 1999 timu hiyo ilimchagua katika raundi ya 13, baada ya wachezaji 401 kuchaguliwa na timu mbalimbali kabla yake. Mwaka 2001 aliingia ligi kuu, na msimu ulipoisha akatangazwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani. Kwa miaka 11 aliifungia Cardinals homrani 445 (mapigo ya kuvuka uzio), akatwaa tuzo ya mchezaji bora mara tatu, 2005, 2008 na 2009, na ubingwa mara mbili, 2006 na 2011. Desemba 2011 alisaini mkataba wa miaka kumi na Angels, wenye thamani ya dola milioni 240, akaondoka.

Angels walikuwa katika ile ligi nyingine, na enzi hizo timu za ligi mbili tofauti zilikutana kwa zamu, mara moja kila baada ya miaka kadhaa. Zilikutana 2013, mechi zikapangwa California. Zikakutana tena 2016, na mara hiyo pia California. Hivyo mji uliomlea Pujols ulingoja misimu minane kumwona tena. Alipoingia kupiga kwa mara ya kwanza, Ijumaa tarehe 21 Juni, mdakaji wa Cardinals, Yadier Molina, aliyetwaa naye mataji yote mawili, alisogea mbele na kuuacha mchezo usubiri. Shangwe zilidumu zaidi ya dakika moja. Pujols alivua kofia ya chuma, akawasalimu watu kila upande, kisha yeye na Molina wakakumbatiana.

Sasa neno lenyewe. Katika besiboli mpigaji husimama na gongo, mrushaji akimtupia mpira kutoka umbali wa mita 18 na nusu hivi. Akiupiga vizuri, hukimbia kwenda kituo cha kwanza, na pigo likiwa zuri zaidi huendelea hadi cha pili au cha tatu. Vituo vinatengana kwa mita 27 na ushei. Pigo linalovuka uzio katika eneo halali humpa ruhusa ya kuvizunguka vyote hadi nyumbani bila kusumbuliwa na mtu, na hilo ndilo homrani. Kwa hiyo mapigo hayalingani. Kuna la kituo kimoja, viwili, vitatu na vinne. Slaga ni yule ambaye mapigo yake, kwa kawaida na kwa miaka, huzaa vituo vingi.

Hapo ndipo mpigaji hodari inaposhindwa, na ushahidi wake ni Ichiro Suzuki. Mjapani huyu aliingia ligi kuu ya Marekani mwaka uleule wa 2001, naye akatangazwa mchezaji mpya bora, ila upande wa Ligi ya Amerika, akiwa na Seattle Mariners. Hakuna anayeweza kumnyima sifa ya uhodari. Mwaka 2004 alipiga mapigo 262 yaliyofaulu, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa. Lakini kati ya hayo, 225 yalimfikisha kituo cha kwanza tu, na homrani zilikuwa nane. Katika maisha yake yote ya Marekani alipata homrani 117 kwa mapigo 3,089. Ni mpigaji hodari kupita karibu kila mtu aliyewahi kushika gongo, na hakuna anayemwita slaga.

Yeye pia ana kisa chake cha kuikabili timu ya zamani, na ni kizuri kukiweka kando ya kile cha St. Louis. Tarehe 23 Julai 2012 Mariners walimhamishia New York Yankees, na timu hizo mbili zilikuwa zinacheza Seattle jioni hiyohiyo. Akabadili chumba cha kuvalia ndani ya uwanja uleule, akatoka na jezi ya wageni, akawainamia mashabiki waliokuwa wake tangu 2001. Kisha akapiga pigo la kituo kimoja. Kila mmoja alirudi na kile alichojulikana nacho.

Mpigaji mwenye nguvu nayo ina kasoro, ingawa iko karibu zaidi na ukweli. Inaelekeza macho kwenye misuli, ilhali slaga hupimwa kwa alichokifanya mpira. Henry Aaron, aliyemaliza na homrani 755, hakuwa jitu. Waliomtazama walisifu wepesi wa viganja vyake. Hakuwahi kufikisha homrani 50 katika msimu mmoja. Hata hivyo ndiye anayeshikilia rekodi ya jumla ya vituo vilivyotokana na mapigo, 6,856. Homrani zote 755 zikifutwa, bado atabaki na mapigo zaidi ya 3,000. Istilahi inayotaja misuli ingemwacha nje mtu mwenye vituo vingi kuliko wote.

Besiboli ina kipimo rasmi cha jambo hili, na hapa Kiswahili kina nafasi ya kusema vizuri kuliko lugha ilikotoka. Kipimo hicho hupatikana kwa kujumlisha vituo vyote vilivyotokana na mapigo ya mchezaji na kugawanya kwa zamu zake za kupiga zinazohesabiwa. Zamu ambayo mrushaji amekosea na kumpa mpigaji kituo cha bure haimo. Chukua takwimu za Pujols za maisha yote. Zamu 11,421. Mapigo 3,384, kati yake 1,979 ya kituo kimoja, 686 ya viwili, 16 ya vitatu na 703 ya vinne. Ukizidisha na kujumlisha unapata vituo 6,211. Gawanya kwa zamu, unapata 0.544.

Kwa Kiingereza kipimo hicho kina jina linalosema kwamba ni asilimia. Si asilimia. Asilimia ina kikomo cha mia, na hiki kinaweza kufika 4.000, kwa mtu aliyepiga mara moja akapata homrani. Mfano wa kweli ni wa Pujols mwenyewe. Tarehe 22 Oktoba 2011, katika mechi ya tatu ya fainali dhidi ya Texas Rangers, alipata zamu sita zinazohesabiwa, akapiga mapigo matano, matatu yakiwa homrani na mawili ya kituo kimoja. Vituo 14 kwa zamu sita ni 2.333. Mtafsiri akiandika asilimia ya upigaji, msomaji atajiuliza mtu huyu alipataje asilimia mia mbili thelathini na tatu, na swali lake litakuwa halali kabisa. Jina linalofaa ni wastani wa vituo: vituo vingapi, kwa wastani, katika kila zamu. Jina lenyewe linamwambia msomaji namna ya kukokotoa. Litofautishwe tu na kiwango cha kufika kituoni, ambacho huuliza ni mara ngapi mchezaji amefika, kwa pigo au kwa kituo cha bure, bila kujali amefika kipi. Mtu akiuchanganya wastani wa vituo na kiwango cha kufika kituoni, takwimu zote za mchezo zitamvurugikia.

Wastani huo ndio unaoeleza pia kwa nini neno mkongwe huambatana na slaga mara kwa mara, na kwa nini linauma. Akiwa Cardinals kuanzia 2001 hadi 2011, wastani wa vituo wa Pujols ulikuwa 0.617. Akiwa Angels ulishuka hadi 0.447. Msimu wa 2019, uliomrudisha St. Louis, ulikuwa 0.430. Miguu ilikuwa imekwisha, na pigo ambalo zamani lingempa vituo viwili sasa lilimpa kimoja. Kilichobaki ni uwezo wa kuutoa mpira nje ya uwanja, maana homrani haihitaji mbio, na msimu huo alipiga 23. Waliosimama Juni 22 walikuwa wakiishangilia sehemu ya Pujols ambayo umri haukuwa umeifikia.

Rekodi ya juu ya maisha yote ya kipimo hiki imehama mikono hivi karibuni, na kwa haki. Kwa miongo mingi ilitajwa kuwa ya Babe Ruth, 0.690. Mei 2024 ligi kuu ya Marekani iliingiza katika takwimu zake rasmi zile za ligi za wachezaji weusi, waliofungiwa nje kwa rangi yao, na kilele kikawa cha Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, kwa wastani wa 0.718. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mchezaji mweusi, hajauvunja ukuta huo wa rangi. Anastahili kutajwa kila linapofafanuliwa neno slaga.

Basi slaga aitweje? Neno liko tayari vinywani mwa watangazaji wa soka. Mkwaju ni mti uzaao ukwaju, kisha ni fimbo, na kwa miaka mingi sasa ni shuti kali: mkwaju wa penalti, ameachia mkwaju, mkwaju umegonga mwamba. Neno limekwishabeba mambo mawili ambayo besiboli inayahitaji pamoja, yaani fimbo mkononi na mpira uendao kwa kasi. Katika soka fimbo ilikuwa imepotea, mguu ukachukua nafasi yake. Mbele ya gongo la besiboli mkwaju unarudi kwenye maana yake ya mti.

Slaga, kwa hiyo, ni mpiga mikwaju. Wingi uliomo ndani ya neno una kazi: mkwaju mmoja hata Ichiro aliupiga, lakini mpiga mikwaju ni mwenye mazoea nao. Linanyumbulika bila taabu, wapiga mikwaju, upigaji mikwaju, na linakubali sifa, mpiga mikwaju mkongwe. Pingamizi la kweli ni moja, kwamba msomaji wa soka anaweza kudhani ni mpigaji wa penalti. Katika habari ya besiboli hatari hiyo ni ndogo, na pale inapohofiwa mwandishi aseme mpiga mikwaju wa besiboli, mara moja mwanzoni, kisha aendelee. Slaga lenyewe lisifukuzwe. Libaki kama mkopo kwa wapenzi wa mchezo, kama penalti inavyokaa na mkwaju bila ugomvi.

Homrani ni suala jingine. Watu wamejaribu mbio za nyumbani, tafsiri inayomfanya msomaji aone mtu akikimbilia kwao. Mkopo ni bora hapa, kwa kuwa kitu chenyewe hakina ndugu katika michezo tuliyoizoea.

Suala la maneno haya si la wafasiri wa magazeti pekee. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, baada ya Waganda waliofuzu mwaka uliotangulia kunyimwa viza. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli kwenye shule ya sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Kocha anayefundisha kwa Kiswahili pale anahitaji neno la kumwambia mtoto kwa nini mapigo mawili ya kituo kimoja na pigo moja la vituo viwili yanatoa jumla sawa, na wastani tofauti ikiwa zamu hazilingani.

Na habari za mpiga mikwaju kuikabili timu yake ya zamani hazikuishia Juni 2019. Pujols alirudi Cardinals mwaka 2022 kwa msimu wake wa mwisho, akiwa amepitia Los Angeles Dodgers. Tarehe 23 Septemba mwaka huo alikwenda uwanjani kwa Dodgers, timu yake ya zamani ya karibuni kabisa, akapiga homrani ya 699 na ya 700 usiku mmoja, Cardinals wakishinda 11 kwa 0. Msimu huo pia alimpita Stan Musial, gwiji wa Cardinals hao hao, akashika nafasi ya pili kwa jumla ya vituo katika historia ya ligi kuu. Aliye mbele yake ni Aaron, kwa vituo 645.