Swali la Mpemba na Maabara za Katavi

Mjadala wa elimu ya juu katika mikoa ya pembezoni huanzia, na mara nyingi huishia, kwenye majengo. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, nao haujasalimika. Tunapoizungumzia Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyoko Mpimbwe, kusini mwa Mpanda, tunauliza habari za madarasa, mabweni na vifaa vya maabara. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, historia ya sayansi nchini mwetu inatudai swali jingine: ni mwalimu gani atakayesimama ndani ya maabara hiyo, naye atalipokeaje jibu asilolitarajia?

Mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa Shule ya Sekondari Magamba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, akajibiwa kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likacheka.

Ndipo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, alipoitembelea Mkwawa. Mpemba akamuuliza: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35, yakiwa na ujazo sawa? Wenzake waliona aibu. Osborne mwenyewe hakuamini. Lakini aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu, na matokeo yakaelekea upande wa kijana. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa majina yao yote mawili katika jarida la Physics Education.

Tuelewe vema ukuu wa Osborne ulikuwa wapi. Hakumwamini Mpemba kwa huruma, wala hakumpinga kwa cheo. Alilipeleka swali mahali panapostahili, yaani kwenye jaribio. Wanasayansi wangali wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti ambao haukupata ushahidi thabiti wa jambo hilo. Ubishi huo haumpunguzii Osborne heshima, kwa kuwa nao umeendeshwa kwa vipimo.

Sasa tuirejee Katavi, nchi ya miombo na asali. Chukulia mwanafunzi anapima unyevu wa asali ya huko. Kiwango cha kimataifa, kwa kawaida, hakizidi asilimia 20. Yeye anapata 23. Mkufunzi dhaifu atamwambia amekosea, na wiki ijayo mwanafunzi ataandika 18 bila hata kupima. Mkufunzi mwema atamuuliza: kifaa kilirekebishwa? Asali ilivunwa ikiwa imefunikwa nta? Chombo kiliachwa wazi? Kisha atasema: pima tena, nami nitapima pamoja nawe.

Hapa ndipo jambo hili linapovuka kuta za chuo. Anayefundishwa kupika matokeo maabarani ndiye atakayekuwa ofisa ugani, mkaguzi au mchumi wa wilaya. Atapika takwimu za mavuno kama alivyopika za asali, kwa sababu alikwisha kujifunza kwamba alama hutolewa kwa jibu linalopendeza. Taifa litapanga bajeti juu ya namba ambazo hazikupimwa na mtu.

Kwa hiyo, wanaopanga fedha za vyuo wasihesabu hadubini pekee. Wahesabu pia wakufunzi na mafundi wa maabara, idadi ya wanafunzi kwa kila mmoja wao, na muda wa kurudia jaribio. Na alama zitolewe kwa kumbukumbu ya kweli hata pale jibu linapokwenda kinyume cha kitabu.

Shule ile ya Mkwawa iligeuzwa mwaka 2005 kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu. Palipochekwa swali, leo wanafundwa walimu. Wahitimu wake watakaopangiwa Mpanda, Inyonga na Karema ndio watakaoamua kama darasa litacheka tena au litapima.